Neno Moja la Sura ya Sita

Ofisini walimwita Bi Koma, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akisahihisha vitabu kabla havijapigwa chapa. Katika miaka hiyo mwandishi mmoja alimlilia, wawili walimkimbia, na waliobaki walimshukuru baadaye, wengine kwa shingo upande.

Jumamosi ile mchana alikuwa sebuleni kwa kaka yake, bahasha nene imelala magotini. Ndani yake mlikuwa na prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, ya toleo jipya la riwaya ya upelelezi ambayo karibu kila nyumba yenye rafu ya vitabu ilikuwa nayo. Jumatatu saa sita ilitakiwa kiwandani ikiwa na saini yake. Jalada jipya lingebeba picha kutoka kwenye filamu iliyotengenezwa zamani kutokana na riwaya hiyo, na meneja alimtaka Bi Koma ahakikishe picha iliyochaguliwa haimfichui muuaji. Ndiyo maana alikuwa akitazama filamu. Kwa kawaida hakuwa mtu wa filamu.

"Hii filamu ingekuwa binti, sasa hivi ingekuwa na watoto," alisema kaka yake, akiingiza diski kwenye mashine.

Rangi zilikuwa zimechujuka hadi kila uso ukawa wa matofali. Simu zilikuwa za kuzungusha kidole. Muziki ulianza kuogopa kabla ya mtu yeyote kuogopa, na kaka mtu akaupunguza.

Hadithi ilikuwa fupi. Mke wa tajiri anapokea barua tano za vitisho zisizo na jina la mwandishi, kisha anauawa. Wanaoshukiwa ni wawili, na wote wanakaa nyumba ile ile: mdogo wa kiume wa mume wake, na dada wa mume wake. Mwishoni mpelelezi anamkamata yule dada, anainyanyua barua ya tatu mbele ya taa, anaigonga kwa kidole na kusema, "Ulijisaliti kwa neno moja." Hasemi ni neno gani. Filamu inaishia hapo, kama kitabu.

Neno hilo lilikuwa limetafutwa kwa miaka ishirini na saba. Mwandishi, mwalimu wa sekondari ambaye hakuwa ameandika riwaya nyingine, alipoulizwa alijibu jibu moja tu: "Neno lipo. Tafuteni." Watu wakatafuta, wakakosa. Gazeti moja likaandika kwamba Mwalimu alisahau kuuweka ushahidi wake mwenyewe. Wanafunzi wakamwandikia ubaoni: NENO LIKO WAPI? Mtu akiahidi asitimize, ikawa anaambiwa hilo ni neno la mpelelezi. Mwishowe Mwalimu akaacha kujibu. Mwezi uliopita meneja alimwomba dibaji ya toleo jipya, naye akasema wasimtajie tena kitabu hicho.

Bi Koma mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliocheka. Alikuwa amekisoma kitabu kile mstari kwa mstari, na neno hakuliona.

Kwenye skrini, mke wa tajiri alifungua barua ya tatu na kuisoma kwa sauti ya kutetemeka: "Nilikuonya mapema, shemeji, usiufungue mlango wa stoo."

"Huyo hapo!" kaka mtu alipiga paja. "Mdogo wake mume. Mimi nilisema tangu mwanzo."

"Wewe umesema tangu mwanzo ni mpishi," mke wake alimkumbusha, mdomo umejaa karanga. Akamgeukia Bi Koma. "Lakini wifi, hapa ndipo Mwalimu alipotuchezea shere. Muuaji si ni yule dada wa mume?"

"Ndiye."

"Dada wa mume anamwitaje mke wa kaka yake? Mimi na wewe tumewahi kuitana shemeji?"

"Hata siku moja."

"Basi. Angeandika 'wifi', ningemkamata hapo hapo. Mwanaume hamwiti mtu wifi. Neno moja tu, kesi imekwisha!"

Alicheka, akachota karanga nyingine, akarudi kutazama. Hakujua alichosema.

"Kaka, rudisha nyuma," alisema Bi Koma.

"Nirudishe wapi?"

"Kwenye barua."

Alirudisha. Shemeji. Akarudisha tena. Bi Koma akafungua bahasha, akatafuta sura ya sita katika prufu: shemeji. Kaka yake alimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi, ila filamu ameshaitazama kiasi cha kutosha.

Jumapili nzima hakukubali wala hakukataa. Kumbukumbu hafifu ya sura hiyo alikuwa nayo, lakini kumbukumbu si ushahidi. Jumatatu ofisi ilipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha miswada, akashusha faili lenye vumbi la riwaya ile, akahesabu kurasa hadi sura ya sita.

Lilikuwepo. Mwalimu alikuwa amepiga kwa taipu: "Nilikuonya mapema, wifi, usiufungue mlango wa stoo." Neno "wifi" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na juu yake kuandikwa "shemeji", kwa mwandiko wake mwenyewe wa mviringo, wa alipokuwa msichana mwenye miaka miwili kazini. Pembeni msichana huyo alikuwa ameeleza na sababu: Mwanaume hasemi wifi.

Aliielewa mara moja namna kosa lilivyotokea. Siku zile Mwalimu alileta muswada sura moja moja, kadiri alivyopata nafasi ya kupiga taipu. Sura ya sita ilisahihishwa wakati sura ya kumi na moja, ambamo muuaji anajulikana, haijaandikwa. Msahihishaji alikuwa na hakika kwamba barua ni za mdogo wa mume, kama Mwalimu alivyotaka kila msomaji awe na hakika. Kanuni ya ofisi ilikuwa wazi: lenye shaka huulizwa kwa penseli, mwandishi ajibu, lisilo na shaka hurekebishwa kwa wino, na mwandishi hasumbuliwi. Yeye hakuwa na shaka.

Alimpelekea meneja ukurasa ule. Meneja aliusoma, akaketi.

"Rudisha neno la watu, Bi Koma, tukae kimya. Nani atajua?"

"Kila mwenye toleo la zamani. Watalinganisha, waseme Mwalimu amelichomeka sasa ili kujiokoa. Atakuwa mwongo mara mbili."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Maelezo. Ukurasa wa kwanza, kwa jina langu."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, mama. Jina lako lote ni kutokosea."

"Najua jina langu."

Meneja alisema atakubali kama Mwalimu atakubali. Saa nne na nusu Bi Koma alipiga simu. Hakuzunguka. Alijitaja, akasema alichokikuta, akasoma sentensi yote na maneno ya pembeni.

Upande wa pili redio ilipunguzwa sauti.

"Soma tena hayo ya pembeni," Mwalimu alisema.

"'Mwanaume hasemi wifi.'"

"Sababu yako ni sahihi kabisa. Ndiyo hiyo hiyo niliyoitegemea." Akakohoa. "Mimi nilikuwa nimeanza kuamini sikuliandika. Kitabu kilipotoka sikukifungua, nilishakichoka. Walipoanza kunicheka, nikaogopa kukifungua. Unajua hilo? Niliogopa nitakuta kweli halipo."

"Pole, Mwalimu."

"Pole haichapwi. Umeandika nini?"

Bi Koma alisoma maelezo aliyokuwa ameyatayarisha: "Katika matoleo yaliyotangulia, neno 'wifi' katika barua ya tatu, sura ya sita, kwa bahati mbaya lilibadilishwa kuwa 'shemeji' na msahihishaji bila kumuuliza mwandishi. Muswada wa mwandishi ulikuwa sahihi."

"Ondoa 'kwa bahati mbaya'."

"Mwalimu?"

"Haikuwa bahati. Ulifikiri, ukaamua, ukaandika na sababu. Mimi nimefundisha miaka thelathini. Bahati mbaya ni kalamu kuvuja."

"Naondoa."

"Na 'msahihishaji' ana jina?"

"Jina langu lipo chini."

"Lilete juu, ndani ya sentensi. Mimi langu lilikuwa juu ya jalada muda wote huo."

Simu ikakatwa. Kama ni hasira au ndivyo alivyozoea kukata simu, Bi Koma hakuweza kujua, na hakujaribu kukisia. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Alifuta maneno matatu kwenye maelezo, akaingiza jina lake kamili mahali pa neno "msahihishaji", akaisoma sentensi upya, polepole, kama anavyosoma ya mtu mwingine. Haikuwa na kosa. Akarudisha 'wifi' katika sura ya sita ya prufu, akatia saini.