Damu ya Kinyozi

Zamani Mnadi alikuwa na sauti ya kumuuzia mtu kabati bovu na mtu akashukuru. Kisha ikaja saratani ya koo. Aliyeishtukia wa kwanza hakuwa daktari bali mdogo wake, kinyozi, aliyegusa kivimbe chini ya taya akimnyoa ndevu.

"Kaka, hiki si kipele cha wembe. Nenda hospitali."

Alikwenda, akapigwa mionzi, akapona, sauti ikabaki ya kukwaruza. Tangu hapo alikuwa akitolewa damu mara kwa mara, ipimwe kama ugonjwa umerudi.

Ila mwenzetu alirudia sigara, akivutia nyuma ya ghala kama mtoto wa shule, mtu mzima na mvi zake! Akajiaminisha kwamba damu itamchongea kwa mkewe. Basi akamwomba mdogo wake, ambaye wamefanana kama shilingi kwa ya pili, akatoe damu badala yake. Kadi ya hospitali haikuwa na picha.

"Nikizimia kwa sindano utanibeba," kinyozi alicheka, akaenda.

Siku ya majibu, daktari alikunja uso. "Damu yako ina alama za saratani. Lakini koo nimelichungulia, ni safi. Sielewi."

Mke wa Mnadi akaanza kulia kimya kimya, amemshika mumewe mkono.

"Daktari," Mnadi alinong'ona, "kipimo hiki hakionyeshi sigara?"

"Sigara? Hapana. Kinatafuta vipande vya uvimbe vinavyozunguka kwenye damu, basi."

Masikio yalimwaka kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Damu ile si yangu," alisema akitazama viatu vyake. "Ni ya mdogo wangu. Nilikuwa naficha sigara."

Mkewe akauachia ule mkono.

Mnadi alimkuta kinyozi akimpangusa mteja wa mwisho, kidole kikipapasa shingo kwa mazoea. Shingo ngapi amezipapasa! Lakini wahenga walishasema, kinyozi hajinyoi.

"Kaka! Vipi, nimekufaulisha?"

Mnadi, aliyezoea kupigia kelele soko zima, alingoja pembeni. Mteja alipotoka, alimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha wateja, akampapasa chini ya taya. Upande wa kushoto kidole kiligota kwenye kitu kigumu.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Twende hospitali. Safari hii utoe kwa jina lako."