Shubiri Moja na Vidole Viwili

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, king'ora cha zamu kikiwa bado hakijalia, Kishikizo alipiga magoti nyuma ya boila ya kiwanda cha nguo akapima ufa kwa mkono wake. Shubiri moja na vidole viwili. Jumanne iliyopita ulikuwa shubiri moja na kidole. Akaandika kwa chaki ukutani, chini ya vipimo vingine kumi na tisa, akajipangusa mikono, akakaa kwenye ndoo. Dakika haikuisha akainuka. Akazunguka hadi chumba cha rangi, ambako mdogo wake alikuwa ameshaanza kukoroga buluu, akaweka kiganja kwenye ukuta uliowatenganisha na boila. Ukuta ulikuwa na homa.

"Dada, umeshaugusa mara tatu leo," mdogo wake alisema. "Ungekuwa mtu ungeshaomba talaka."

Kishikizo alikuwa amemwandikia meneja barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ile ya kwanza inashughulikiwa. Ya tatu ilirudi na duara jekundu kwenye neno moja alilokosea herufi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya siku za juma, kuhudumia boila. Jumamosi alikuwa msaidizi wa shujaa.

Shujaa wa mji ule aliitwa Ngao, na alikuwa akiruka. Miguu yake haikugusa ardhi tangu siku aliyovishwa nishani, na manispaa ilishainua fremu za milango yote ya ofisi ili asijigonge kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wazee, na joho lake alilikunja mwenyewe. Ila dunia aliitazama kutoka juu, na kutoka juu mabati yote yanang'aa.

Sheria ilikuwa kwamba anayeokolewa na Ngao humtumikia. Miaka sita nyuma alimtoa Kishikizo kwenye moto wa ghala la pamba, lile ghala ambalo mlango wake wa dharura ulikuwa na kufuli kwa nje, kama yupo bado anayekumbuka. Juma lililofuata mwanamke huyo akaletewa mkanda mwekundu wenye kishikizo cha shaba kikubwa kama kisosi, na jina likamganda hapo hapo. Tangu siku hiyo alisimama hatua moja nyuma ya joho. Alishtuka palipotakiwa kushtuka. Alifungwa kamba palipotakiwa mtu wa kufunguliwa. Na kila alipovaa ule mkanda, sauti yake ilifika kwenye joho ikaishia hapo, kama maji kwenye sponji. Alishapaza sauti "Boila ina ufa!" Jumamosi nne mfululizo. Gazeti likatoa picha yake, mdomo wazi hadi magego, na chini yake maneno: Msaidizi akimshangilia Ngao.

Aliyesikika alikuwa adui. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, uwanjani, kabla ya kupigwa, adui alipewa robo saa ya kusema lolote. Alipewa vipaza sauti vizuri kuliko vya meya. Kukohoa kulikatazwa.

Adui wa wakati huo alikuwa mwalimu wa hisabati aliyekuwa na miaka tisa katika uadui. Alilala gerezani na kuletwa uwanjani kwa gari la manispaa. Kivuli chake kilikuwa na urefu wa ghorofa mbili na hakikufuata jua. Kabla ya pambano yeye na Kishikizo walikaa kwenye benchi moja katika chumba cha kusubiria, wakanywa chai ya chupa moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa basi."

"Sikaliki. Hivi, Mwalimu, wewe ukisema wanasikia, au wananyamaza tu?"

"Wanasikia kila neno."

"Basi na mimi nitaomba uadui."

Mwalimu alifunika chupa, akaibana sana, kama mtu asiyetaka kitu kitoke. "Mwanangu, mimi nilisema daraja litaanguka. Nilisema vizuri, na hesabu nikaonyesha."

"Na likaanguka."

"Likaanguka. Ndiyo maana niko hapa."

Lakini Kishikizo alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia, kwamba wanasikia kila neno.

Jumatatu alikwenda Idara ya Ushujaa. Karani aliisoma fomu yake ya uhamisho huku akitafuna kalamu.

"Wenzako wanagombania usaidizi, wewe unaukimbia? Msaidizi hapigwi. Msaidizi ana picha gazetini."

"Nimeiona hiyo picha."

"Na hapa kwenye sababu umeandika 'nataka kusikika'. Ndiyo hiyo tu?"

"Hiyo tu, kaka."

"Ukishahama hurudi, unajua?"

"Fomu imesema hivyo?"

"Fomu haisemi. Nasema mimi." Akagonga muhuri.

Kicheko kilifika jioni ile ile, Kishikizo akiwa anaosha vikombe. Kilikuwa kicheko kinene cha mwanamume mwenye afya, na kilimtoka bila kumwomba ruhusa. Asubuhi nyusi zilikuwa zimemea hadi mashavuni. Jirani alimwamkia kama kawaida, akampongeza kwa cheo. Mdogo wake alimkalisha kitini akazipunguza kwa mkasi wa nyuzi, vidole vyake vya buluu vikimpitia usoni.

"Tulia, dada, nitakutoboa jicho. Nyusi gani hizi, zinataka kuingia kwenye chai."

"Kesho usiende kazini," Kishikizo alisema, na kicheko kikafuata, vikombe vikagongana kabatini.

"Usinicheke."

"Sikucheki." Ha, ha, ha.

Mdogo wake aliweka mkasi chini. Alimtazama machoni, si mdomoni, na macho yalikuwa ya dada yake. "Najua hunicheki. Lakini nikikosa siku tatu wananifuta kazi, na hilo unalijua kuliko mimi."

Jumamosi uwanja ulijaa. Ngao alielea juu ya sanamu yake mwenyewe. Kishikizo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya nne.

"Boila ya kiwanda cha nguo ina ufa. Uko nyuma, chini ya mlango wa makaa. Urefu wake ni shubiri moja na vidole vitatu. Ikiendelea kuwashwa itapasuka, na chumba cha rangi kiko upande wa pili wa ukuta."

Hakuna aliyekohoa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mji mzima ulikuwa umemsikia, hadi kipimo. Kisha kicheko kikatoka, kikapita kwenye vipaza sauti vizuri vya manispaa, na njiwa wote wakaondoka.

"Anatishia!" mama mmoja alilia.

"Sitishii, naonya! Ha, ha, ha!"

"Mnamsikia? Ameshatega!"

Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyotisha. Aliwasihi waizime boila, akasikika akitoa amri. Alimtaja mdogo wake, watu wakasikitika kwamba binti wa watu ametekwa. Robo saa ilikwisha, Ngao akashuka akampiga mara moja tu, kwa heshima kwa sababu walifahamiana, akamrusha hadi gerezani. Alitua uani kwa miguu yote miwili. Mlinzi akaandika saa.

Meneja alipanda jukwaani. Alisema kiwanda hakiwezi kusalimu amri. Alisema boila haitazimwa hata sekunde moja, na kwamba kila mfanyakazi atakayekuwa mahali pake juma lile ni shujaa kwa namna yake. Walinzi waliwekwa kwenye milango yote, nao wakaifunga ili adui asiingie. Watu walimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Wajukuu zao wakiuliza, watasema hawakuwepo.

Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, boila ilipasuka.

Ngao alifika baada ya dakika nne. Aliinua paa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akawatoa watu tisa wakiwa hai. Kumi na mmoja hawakuwa hai. Ukuta wa chaki ulianguka na vipimo vyake ishirini na moja, na vifusi vyake vikatumika kujaza mashimo ya barabara inayokwenda kwa meya.

Mahakamani Kishikizo aliulizwa swali moja tu.

"Ulijuaje?"

Alisema alikuwa anapima kila Jumanne. Kicheko kikafuata. Jaji alisema hilo linatosha.

Gerezani aliwekwa chumba cha Mwalimu, ambaye sasa alikuwa adui mstaafu. Vivuli vyao viwili vilijaza kuta zote nne, wakawa wanavikunja kwa zamu ili mtu apate pa kupita. Kishikizo alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akigusa kila ukuta kwa kiganja. Mwalimu alikaa katikati ya benchi. Alishaacha kumwambia akae. Kila siku Kishikizo alimwuliza mlinzi majina ya wale tisa, na kila siku mlinzi alimjibu kwamba adui haruhusiwi kufurahia orodha.

Ndugu hawaruhusiwi kumtembelea adui, ila msaidizi wa shujaa anaruhusiwa, mradi awe na mkanda wake. Mwezi wa tatu wa kifungo mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke mwenye mkanda mwekundu na kishikizo cha shaba kikubwa kama kisosi. Shingo yake yote ilikuwa na kovu jipya linalong'aa. Vidole vyake vilikuwa bado vya buluu. Alikuwa mtu wa tisa kutolewa.

Kishikizo alimshika mikono yote miwili. Kicheko kilimjia, akakifinya kwa meno hadi machozi yakamtoka, kikapita puani kidogo. Mdogo wake akacheka pia, bila sauti.

Kisha akaanza kusema. Hakuna kilichotoka. Mlinzi mlangoni aliona midomo ikicheza, akatabasamu kwa adabu. Lakini Kishikizo alikuwa ameuvaa mkanda ule miaka sita, na maneno ya aina hiyo aliyajua yanavyokaa mdomoni.

"Anasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Anasema wameleta boila nyingine. Imeshatumika kwingine."

Mdogo wake akainua mkono, akatanua kidole gumba na kidole cha mwisho kadiri vilivyoweza, akausimamisha hewani ili dada yake aone vizuri. Akaongeza kidole kimoja.

"Na anauliza," Kishikizo alisema, "ile fomu ya uhamisho ilikuwa ya rangi gani."

Mwalimu alisogea mwisho kabisa wa benchi, akamvuta Kishikizo akae karibu naye, na upande wa pili wakaacha nafasi ya mtu wa tatu.