Mlio wa Kijiko

Daktari wa meno alimulika kinywa cha fundi seremala, akatabasamu. "Fizi hazitoki damu tena, mzee. Umeacha nini?"

"Sijaacha kitu," fundi akajigamba, "na randa nasukuma kama kijana. Chai yangu ni vijiko vinne vya sukari, muulize mama watoto."

Mkewe akainamia mkoba wake. Mume huyu, ukimkataza kitu ndiyo umemwonyesha njia. Kwa hiyo alipunguza sukari kimyakimya, nusu kijiko kila wiki, hadi ikaisha kabisa. Lakini kila asubuhi aliikoroga chai ile kwa kelele zote, kling kling kling, ili mzee asishtuke.

Walipofika nyumbani akamimina chai, akakoroga kama kawaida. Fundi akainuka, akashusha kopo la sukari kabatini, akalifungua mbele yake. Lilijaa misumari.

"Nililikuta tupu tangu mwezi juzi," akasema. "Nikaona lisikae bure."

Mkewe akachungulia kopo, kijiko mkononi. "Na ukanyamaza?"

Fundi akamsogezea kikombe. "Koroga tena kidogo, mke wangu. Haijakolea."