Chiriku Atetea Chumba cha Kusomea

Darasa la tano walimwita Chiriku, wala hawakumwonea. Yule mtoto akianza kusema, hata mwalimu hutafuta kiti. Lakini siku Mwalimu Mkuu alipotangaza kwamba chumba cha kusomea kitakuwa stoo ya madawati mabovu, aliruka kutoka kitini. Kwao walilala sita chumba kimoja, redio inaunguruma kutwa. Pale shuleni ndipo mahali pekee alipoweza kumaliza kitabu.

Akatimua mbio hadi ofisini. "Huo ni uonevu! Haiwezekani!"

"Hizo ni kelele, mwanangu," Mwalimu Mkuu alimjibu bila kuinua macho. "Ukipata hoja, iseme Ijumaa mbele ya wote."

Lo! Alilia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika. Mwalimu wake wa darasa akamwambia apenge kamasi, kisha akamkumbusha sheria yao: humpingi mtu mpaka uiseme hoja yake vizuri, mwenyewe akiri umemwelewa.

Ijumaa ikafika, akasimama mbele ya shule nzima. "Msimamo wangu: chumba kibaki. Sababu: wengine hatuna pengine pa kusomea." Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Hoja pinzani: Mwalimu Mkuu anasema madawati yakiachwa nje yatanyeshewa, yataoza, na wadogo zetu watakaa sakafuni. Nimekuelewa, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alikunja uso, akaukunjua. "Umenielewa. Mimi mwenyewe sikuisema vizuri hivyo."

"Hata hivyo," alisema Chiriku akipaza sauti, "mengi si mabovu, yamelegea tu. Ushahidi huu hapa."

Wenzake wawili wakaleta dawati linaloyumba kama mlevi. Chiriku akatoa spana ya mjomba wake, akapiga magoti, akakaza nati moja baada ya nyingine, jasho linamchuruzika. "Mwalimu, karibu ukae."

Watoto wakaziba midomo, maana Mwalimu Mkuu alikuwa mama mwenye mwili wake, jamani. Akakaa. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto. Dawati tuli!

"Hitimisho?" aliuliza akiwa amekaa palepale.

"Kwa hiyo madawati yakazwe, yarudi madarasani, nasi tubaki na chumba chetu."

"Haya, umenishinda."

Shule ililipuka kwa vigelegele. Mwalimu Mkuu akachomoa ufunguo wa chumba kwenye shada lake la funguo, akamtia Chiriku mkononi.

"Utakuwa unafungua wewe. Na hao wadogo zako uwafundishe kujenga hoja, kabla hawajaja kunipigia kelele ofisini."