Miche ya Chumba cha Eda

Saad alipofariki, mkewe Ashura aliingia eda katika chumba chao huko Ujiji, na dada wa marehemu, Lulu, akaingia bustanini. Ilikuwa bustani ndogo nyuma ya nyumba, ya nyanya na mchicha, na Ashura ndiye aliyeilima tangu alipoolewa. Akiwa kitandani alisikia majembe yakiing'oa. Baadaye akasikia mafundi wakikoroga zege. Lulu alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha.

"Kiwanja ni cha baba yetu," Lulu alimwambia, amesimama mlangoni. "Wewe eda ikiisha utarudi kwenu Kalinzi. Bustani ya nini?"

 Ashura aliyameza maneno hayo, nayo yakamkaa rohoni.

Eda ilipokaribia kwisha alimwomba jirani yake, Diana, amletee udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na makopo matupu. Mbegu alikuwa nazo, za nyanya zake mwenyewe, alizozikausha na kuzifunga kwenye kitambaa. Akazisia ndani ya makopo, akayapanga dirishani. Miche ilipochomoza ilielekea upande wa mwanga, naye kila asubuhi akayageuza makopo ili isimee ikiwa imepinda.

Lulu aliiona siku alipoleta uji. Alikwisha nunua ndoo mpya za rangi rangi za kupandia mimea, zipambe mbele ya vyumba vyake.

"Mbegu za nyumba hii ni zetu sote," alisema, akabeba makopo yenye miche mirefu kuliko yote. Alipofika mlangoni akageuka. "Nipande lini?"

 Ashura alijua kwamba mche uliokulia ndani hufundishwa jua taratibu: kwanza kivuli, kisha jua la asubuhi, na kuhamishwa ni jioni.

"Panda sasa hivi, wifi," alisema kwa upole. "Jua likiwa limewaka hivi hivi. Nyanya inapenda jua."

Jioni Diana alikuja kumweleza jinsi miche ilivyolala ndooni, imenyong'onyea kama mboga iliyotokoswa. Ashura alijiziba kinywa kwa kanga, akacheka. Hakuwa amecheka tangu maziko.

Eda ikaisha. Hakwenda Kalinzi, kwa kuwa shehe alikwisha kusema mjane ana fungu lake la urithi pale. Miche iliyobaki aliitoa nje kidogo kidogo, akiirudisha ndani jua lilipopanda, mpaka mashina yakawa imara. Ndipo akaipanda jioni moja katika madumu yaliyokatwa, ndoo zilizopasuka na beseni kuukuu la dagaa, vyote amevitoboa chini maji yasituame. Akavipanga mbele ya vyumba vya Lulu, mkabala na zile ndoo za rangi rangi zilizobaki na udongo mtupu.

"Ulinidanganya," Lulu alimwambia.

"Nilikuwa ndani, wifi. Habari za jua ningezijulia wapi?"

Nyanya zilipoiva aligawa. Alimpa Diana, akawapa wapangaji wote, akawapa hata watu wa mtaa wa pili asiowajua vizuri. Mlango wa Lulu aliupita.

Siku moja Lulu alipata ugeni wa ghafla wa wakwe zake. Akaja na bakuli, sauti ameishusha.

"Wifi, nisitiri. Mchuzi hauna hata nyanya moja."

Ashura aliinama, akachuma zilizoiva moja moja bila haraka, Lulu akitazama. Kisha akamwita mpangaji wa chumba cha kwanza, akamjazia sufuria yake.

"Zimekwisha," alimwambia Lulu.

Lulu alirudi ndani na bakuli tupu. Ashura akachukua kopo kumwagilia mashina, na raha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amemkumbuka Saad hata mara moja. Akasimama. Akajaribu kuikumbuka sauti ya mumewe alipokuwa akimwita kutoka uani, lakini iliyomjia ni ya Lulu, ikiomba.

Akateka maji mengine, akaendelea.