Sekunde Kumi na Moja

Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo Glenys Haworth alipanda ngazi hamsini na mbili kwa miguu, akisimama kila baada ya nne. Mtahini alimngoja juu, kalamu mkononi. Alikwisha kuandika: amepanda mwenyewe.

"Karibu, mama. Mimi Darren. Usiogope, tunapiga soga tu."

Kampuni yake ilikodiwa na serikali kuwapima wagonjwa wa mji wa Oldham, Uingereza, ijulikane nani aendelee kupewa posho ya ugonjwa. Glenys hakuwa na kipato kingine. Alipokuwa na miaka kumi na minane, wimbo wake wa mapenzi ulishika nafasi ya nne nchini. Miaka thelathini iliyofuata aliuimba katika vilabu vya wafanyakazi, mbele ya wanaume waliomkatiza ili wacheze bingo. Hakuwahi kununua sigara. Moshi wao ulimtosha. Sasa, akiwa na miaka sitini na moja, alitembea na inhela ya kumfungulia pumzi mfukoni.

"Umekujaje?"

"Kwa basi."

"Peke yako?"

"Dereva alikuwepo."

Darren akaandika. Kisha akaegemea kiti, akatabasamu.

"Bibi yangu alikuwa kichaa wa wimbo wako. Ile sauti ya mwisho, inavyokaa hewani! Ila wanasema studio waliirefusha kwa mashine."

"Nani anasema?"

"Watu tu. Si kitu, mama."

Glenys aliweka mkoba sakafuni. Akasimama, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa, akaimba. Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilinyooka, ikakaa. Darren aliitazama saa ya kompyuta.

Kikohozi kilipomwinamisha hadi magotini, Darren alimsogezea boksi la tishu kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vinaandika.

"Safi sana. Tumemaliza."

Barua ilifika baada ya siku tisa. *Mteja anashikilia pumzi kwa sekunde kumi na moja bila msaada. Anafaa kufanya kazi.* Posho ikakatwa.

Alikata rufaa. Akaitwa jengo lilelile, ghorofa moja juu zaidi, saa nne kamili asubuhi. Asiyeitika jina lake, barua ilisema, rufaa yake imefutwa.

Alifika saa tatu na nusu. Tangazo la kuomba radhi mlangoni pa lifti lilikuwa limetiwa plastiki ili lisichakae.

Saa nne ilimkuta ngazi ya sitini na moja, ameketi, midomo imebadilika rangi, inhela imekwisha. Juu yake karani alifungua mlango.

"Bi Haworth!"

Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Bi Glenys Haworth!"

Akagonga chuma cha ngazi kwa pete yake. Mara tatu.

"Nani huyo anagonga?" sauti nyingine iliuliza kutoka ndani.

"Mafundi wa lifti, nadhani," karani akajibu. "Afadhali. Huyu mama hayupo. Namwita anayefuata."

Mlango ukafungwa bila kelele. Bawaba zake zilikuwa zimetiwa mafuta.