Mashine ya Shangazi Imenyamaza

Shangazi alikuwa haongei, alikuwa anafoka, na wasiomjua walidhani ana hasira na dunia nzima. Hasira hakuwa nayo. Alikuwa amesimama miaka nenda miaka rudi kando ya mashine yake ya kusagia mahindi, mashine iliyopiga kelele mpaka mabati ya paa yakacheza, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Daktari wa masikio alimweleza hali ilivyo kwa kumwandikia kwenye karatasi, maana kwa mdomo ilishindikana: yaliyopotea hayarudi, yaliyobaki yanaweza kuokolewa, lakini akiendelea na zile kelele atayaaga hayo machache pia.

Aliyeumia roho zaidi kwa habari hiyo alikuwa binti wa kaka yake. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kumrudia shangazi maneno ya watu kwa kumpigia kelele sikioni. Mteja anasema jambo kwa adabu, binti anavuta pumzi, analitupa sikioni, shangazi anajibu. Maneno mengine, makali makali, aliyatia sukari njiani, na shangazi hakujua mpaka leo.

Binti huyu alikuwa chuoni, mwaka wa mwisho, na ndugu walimwita Injinia Duka. Alikuwa anasomea kitu ambacho ukoo mzima haukukielewa, nusu uhandisi wa mitambo, nusu biashara. Baba yake mdogo alipenda kuwatambulishia wageni hivi: "Huyu akikutengenezea pampu, usishangae akakuuzia na soksi." Wageni walicheka, naye Injinia Duka akacheka ili yaishe. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Ile nusu ya biashara aliimeza kama dawa chungu, pua ameziba.

Sasa pale chuoni kwao kulikuwa na sharti moja la mwaka wa mwisho: utengeneze kitu kinachofanya kazi, na awepo mtu anayekitaka. Walimu wawili wangekuja kukikagua kilipo. Wa mitambo, aliyezeekea karakanani, wanafunzi walimwita Spana. Wa biashara walimwita Mnong'ono, mama mmoja mwenye sauti ndogo mpaka darasa lilinyamaza lenyewe ili limsikie. Mmoja wao akikataa, unarudia mwaka. Na kilikuwepo kiwanda cha mashine kilichoahidi kumwajiri Injinia Duka akimaliza, kikasema wazi kwamba kinamtaka mwaka huu, si mwakani.

Basi akaona aue ndege wawili kwa jiwe moja. Likizo nzima akaishughulikia mashine ya shangazi. Alibadilisha beringi zilizolegea, akaunyoosha mkanda uliokuwa ukienda upande, akaweka vipande vya tairi chini ya miguu ya mashine ili sakafu isitetemeke. Mwisho akaijengea sanduku la mbao nene, ndani limetandikwa sponji na kufunikwa kwa bati lenye matundu. Mota aliiacha nje ya sanduku ipate hewa.

Siku ya kuwasha, shangazi alisimama mikono masikioni akisubiri kishindo. Ukaja mngurumo mdogo tu, kama wa paka aliyeshiba.

"Imekufa?" akafoka.

"Inasaga, shangazi. Tazama."

Unga ulikuwa unateremka, laini, wa moto. Shangazi akatoa mikono masikioni pole pole. Upepo ukausukuma mlango, ukalia kwenye bawaba, naye akageuka kuutazama.

"Kumbe mlango wangu unalia," akasema, kisha akakaa juu ya gunia na kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi fupi na tamu. Lakini wateja wakaacha kuja.

Mwanzoni shangazi na binti walisingizia mvua. Mvua ikakatika, watu hawakuja. Ndoo zilizozoea kupanga foleni mpaka barazani hazikuonekana, na shangazi alishinda mlangoni akipunga inzi kwa kifuniko cha debe.

"Ijumaa walimu wako wakija watanikuta mimi na hawa inzi," alisema. "Sikiliza mwanangu. Umenifanyia jambo kubwa, sikatai. Lakini watu wameukataa unga wa hilo sanduku lako. Kesho asubuhi nalivunja. Masikio ni yangu, na duka ni langu."

"Na daktari?"

"Daktari hasagi mahindi."

Injinia Duka alipoa kama uji wa jana. Akaifungua mashine, akakagua nyundo za ndani zinazoponda mahindi, akakagua chujio, akachekecha unga na kuuonja. Hakuona kasoro. Akaifungua tena, kwa sababu hilo ndilo alilolijua. Alikuwa amepiga magoti hivyo, spana mkononi, unga mpaka kwenye nyusi, alipokumbuka kitu ambacho Mnong'ono alikirudia kila kipindi huku yeye akichora gia pembeni mwa daftari: mteja hayumo ndani ya mashine, toka nje ukamuulize.

Kutoka nje kumwuliza mtu kulimtisha kuliko umeme. Akajikaza, akavuka barabara.

Aliyekutana naye kwanza alikuwa mama mmoja mteja wao wa siku zote, ndoo ya unga kichwani. Ule unga haukusagwa kwao.

"Samahani mama, mbona siku hizi hatukuoni?"

Yule mama akatua ndoo chini, akamshika mikono yote miwili. "Poleni sana, mwanangu. Poleni mno."

"Pole ya nini, mama?"

"Si mmefunga? Mimi nikifika pale kona ya fundi cherehani nasikiliza. Nikisikia mashine, nakata kuja kwenu. Nisiposikia, napitiliza kwa yule wa sokoni. Wiki hii kimya kabisa! Watu wanasema shangazi yako amelazwa. Wengine wanasema..." akatazama huku na huku, "wanasema mmeshazika."

"Shangazi? Yuko dukani, anapunga inzi!"

"Weee!"

Injinia Duka aliegemea ukuta akacheka mpaka akashika mbavu, na huko kucheka kulichanganyika na machozi, maana kumbe unga wake haukuwa na neno. Kwa kipimo chake alikuwa amepima kelele ndani, mlangoni, hadi sikioni kwa shangazi. Kule kona ya fundi cherehani hakuwahi kukanyaga. Akauliza mwingine, na mwingine tena, woga umemtoka. Wote wakampa pole.

Shangazi aliposikia kwamba amezikwa, alikasirika kwelikweli.

"Wamenizika bila hata kuja kunilia? Na yule jirani niliyempa pumba za bure, naye?" Akatafuta nyundo. "Toa sanduku. Kelele zirudi, wajue nipo."

"Shangazi, kelele zinatakiwa kule kona, hazitakiwi masikioni mwako. Nipe mpaka jioni."

Mashine ya kusaga hupuliza hewa inapozunguka, na hewa hiyo ilikuwa ikitokea nyuma bure bure. Injinia Duka akaielekeza kwenye bomba lililotoboa ukuta wa mbele, akatia mkato kwenye ncha yake kama wa filimbi. Jaribio la kwanza lilipiga ukelele uliotimua mbwa wa mtaa mzima, na fundi cherehani akatoka na mkasi mkononi. Akarefusha bomba, akapanua mkato. Sasa likatoa sauti nene, ya chini, kama ya chupa unapoipuliza mdomoni. Mashine ikizimwa, nalo linanyamaza. Ndani, shangazi alilisikia kwa mbali tu.

Asubuhi yake ndoo zilirudi. Wengi walikuja kumwona aliyefufuka, lakini walikuja na mahindi.

Ijumaa walimu walifika foleni imefika barazani. Spana akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaweka bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni kusikiliza kama inakwaruza, akatabasamu peke yake. Mnong'ono hakuitazama mashine. Alimsogelea shangazi, na kwa sauti yake ile ile ndogo, huku mashine inasaga, akauliza:

"Mama, kama huyu asingekuwa binti wa kaka yako, ungekubali sanduku lake?"

Kwa mazoea Injinia Duka alikuwa ameshainama kwenye sikio la shangazi, pumzi ameshavuta, na hapo hapo akafikiria kulitia sukari: aulize tu kama unga ni mzuri. Nani angejua?

"Usinipigie kelele, mwanangu," shangazi akasema. "Nimemsikia."

Akamgeukia mwalimu. "Sanduku peke yake nisingelitaka. Nilishataka kulivunja. Sanduku na bomba lake, hata angekuwa mtoto wa adui yangu."

Alisema taratibu, bila kufoka, kama watu wengine wanavyosema. Injinia Duka akakaa kwenye gunia.

"Mimi nimekubali," akanong'ona Mnong'ono.

"Eeh?" akauliza Spana kutoka kwenye mota, mkono nyuma ya sikio. "Amesemaje?"

Binti akavuta pumzi yote aliyokuwa ameibana tangu likizo.

"AMEKUBALI!"

Foleni nzima ikageuka. Spana akaitikia kwa kichwa kwamba naye amekubali, kitambo tu, tangu kwenye beringi. Shangazi akamtazama mzee wa watu kwa huruma, kisha akamwambia binti wa kaka yake, kwa sauti ya chini:

"Na huyu naye mtengenezee sanduku."